Malezi, uuguzi na msaada kwa watu wa rika zote: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huibuka kwenye mikutano ya mtaa, vikao vya vikoba na foleni za hospitali, kila inapozungumzwa habari ya nani atamlea mtoto, nani atamuuguza mzee na nani atamsaidia mwenye ulemavu. Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara na Zanzibar, na Kenya pale wenzetu walipofanya tofauti na sisi.

Kumtunza mtu si jambo la familia yake? Mfumo unaingiaje hapo?

Chukua nyumba moja ya kawaida Mbagala. Bibi ana miaka 74, amepooza upande mmoja. Mjukuu mdogo ana mwaka na nusu. Mkubwa ana miaka 11 na mtindio wa ubongo, hawezi kukaa bila kuegemezwa. Mama wa nyumba huamka saa 10 alfajiri kukanda unga wa chapati za kuuza. Katikati ya chapati anaingia chumbani kumgeuza mama mkwe, kwa sababu mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa mbili, la sivyo atatoka vidonda mgongoni na nyongani. Anamwekea mto katikati ya magoti, anampangusa kwa maji ya vuguvugu, anambadilisha nepi. Kisha anamlisha yule wa miaka 11 uji kwa kijiko, taratibu, kichwa kimeinuliwa ili asipaliwe. Kisha yule mdogo analia.

Kwa serikali watu hawa watatu wako kwenye mafaili matatu: faili la watoto, la wazee na la watu wenye ulemavu. Kwa mama huyu ni asubuhi moja. Mfumo wa matunzo ni ule mpangilio wa sheria, fedha, huduma na watumishi unaomfanya asibebe yote hayo peke yake. Familia inabaki kuwa kitovu. Katiba ya Kenya ya 2010 imeliweka vizuri jambo hili kwenye Ibara ya 57: mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Wote wawili. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kumsukumia mwenzake.

Kwa nini mnazungumzia rika zote pamoja? Mahitaji ya mtoto na ya mzee hayafanani.

Hayafanani, ni kweli. Lakini anayewahudumia mara nyingi ni yuleyule. Ukijenga kituo cha watoto peke yake, mama anapata nusu siku ya kupumua, halafu bibi anabaki peke yake ndani hadi saa 7 mchana. Ukimpa bibi pensheni bila mtu wa kumfuata nyumbani, fedha zinaishia kwenye nauli ya bajaji kwenda hospitali. Ndiyo maana tunasema mipango ianze kwa kuuliza nyumba hii inabeba nini kwa jumla, ndipo idara zigawane kazi. Leo inafanyika kinyume: kila idara inakuja na fomu yake, na mtu mmoja anajaza fomu tatu.

Nani hasa anafanya kazi hii sasa?

Wanawake na wasichana, kwa kiasi kikubwa mno. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba saa bilioni 16.4 hutumika kila siku duniani kwa kazi za matunzo zisizolipwa, na wanawake hufanya zaidi ya robo tatu yake. Makadirio ya shirika hilohilo ya mwaka 2023 yalionyesha watu milioni 748 wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya matunzo, na kati yao milioni 708 ni wanawake. Kenya walipima matumizi ya muda mwaka 2021: mwanamke hutumia takriban saa 4 na nusu kwa siku kwenye kazi za nyumbani na matunzo yasiyo na malipo, mwanamume haifiki saa moja.

Takwimu hazimwonyeshi msichana wa darasa la sita anayekosa shule kila Jumatatu na Alhamisi kwa sababu ndizo siku mama anakwenda sokoni kufuata mzigo na babu hawezi kuachwa peke yake. Mwalimu anamwandika mtoro. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa miaka mingi mipango yetu ya maendeleo imeutazama mzigo huu hivyohivyo, kama kitu chepesi kwa sababu kimebebwa na mtu mwingine.

Sheria inampa mzazi muda gani wa kukaa na mtoto?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba anapata siku 3. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, mama anapata miezi mitatu na baba wiki mbili.

Mambo mawili hapo. La kwanza: sheria hii inamfikia mwajiriwa. Mama lishe, mkulima, mchuuzi wa samaki Feri, hawa hawana mwajiri wa kuwapa likizo, nao ndio wengi. Mama anayejifungua Jumamosi anaweza kuonekana gengeni wiki ya pili, mtoto mgongoni, kwa sababu siku isiyo na biashara ni siku isiyo na chakula.

La pili linaumiza zaidi. Likizo inaisha mtoto akiwa na siku 84. Elimu ya awali inamchukua akiwa na miaka 5 hivi. Katikati kuna zaidi ya miaka minne na nusu, miaka ambayo ubongo wa mtoto unakua kwa kasi kuliko wakati wowote, na kwa wazazi wengi hakuna huduma yoyote ya umma ya kumlea mtoto wakati wao wako kazini. Tanzania Bara ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomwangalia mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8: afya, lishe, uchangamshi, ulinzi na ujifunzaji. Ni hatua kubwa kwa sababu ilikubali kwamba malezi ni suala la taifa. Ila programu haiwezi kumshika mtoto mkono kuanzia saa 12 asubuhi. Kinachohitajika ni kituo cha kulelea watoto mchana kilicho karibu na soko na stendi, kilichosajiliwa, chenye mlezi aliyefundishwa na anayelipwa, na ada ambayo muuza mboga anaimudu.

Na dada wa kazi? Yeye si ndiye suluhisho letu?

Ndiye anayelishika taifa lisianguke, na ndiye tunayemtendea vibaya kuliko wote. Daktari anakwenda wodini, mwalimu anakwenda darasani, mbunge anakwenda Dodoma, kwa sababu nyumbani kuna binti aliyetolewa kijijini akiwa na kimkoba cha nguo mbili.

Watu wengi hawajui kwamba sheria ya kazi ya Tanzania Bara inamhusu. Msaidizi wa kazi za nyumbani ni mfanyakazi kama mwingine. Saa za kawaida za kazi kwa wiki hazizidi 45, anastahili saa 24 za mapumziko kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na maelezo ya ajira yake yawe kwenye maandishi. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi nyumbani kwa mwajiri wa kawaida. Fikiria kiwango hicho, kisha fikiria kwamba wapo wasiokifikia hata hicho, na wapo wanaoambiwa mshahara wao "unatunzwa" hadi siku ya kurudi kwao.

Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Tanzania kipo chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kinachowaandikisha, na Kenya kuna KUDHEIHA. Tatizo ni kwamba mahali pa kazi ni ndani ya nyumba ya mtu, mkaguzi wa kazi hagongi hodi huko. Kwa hiyo mengi yanategemea wewe mwenye nyumba. Mpe mkataba wa kurasa mbili. Mpe siku yake ya mapumziko na usimwulize anakwenda wapi. Mwandikishe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Na kama anamuuguza mzee wako, tambua kwamba hiyo ni kazi ya pili juu ya kupika na kufua; iongezee malipo na umtafutie mtu wa kumwonyesha namna ya kumnyanyua mgonjwa bila kujiumiza mgongo.

Zanzibar wanawezaje kulipa pensheni kwa wazee wote, nasi tunaambiwa haiwezekani?

Inawezekana, na Zanzibar ndiyo ushahidi. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi inalipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa mtumishi wa serikali, mvuvi, mkulima wa mwani au mama wa nyumbani maisha yake yote. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Fedha zinatoka bajeti ya serikali yenyewe. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki, nayo inawafikia wazee zaidi ya 20,000.

Nguvu ya mpango huu ni wepesi wake. Haumwulizi mzee ana mbuzi wangapi wala paa lake ni la bati au makuti. Umri na ukaazi, basi. Ukianza kuwachuja maskini na wasio maskini kwa dodoso, kila mara wapo wanaoachwa nje kwa makosa, na mara nyingi ni walewale wasio na sauti: mjane asiyeitwa mkutanoni, kipofu ambaye hakuna aliyekwenda kumwandikisha. Isitoshe, mzee anayepokea kwa sababu ya umri wake anapokea kichwa kikiwa juu. Anayepokea kwa sababu kijiji kizima kimekaa na kukubaliana kwamba yeye ni fukara, hata kama fedha ni ileile, kuna kitu amenyang'anywa.

Je, shilingi 50,000 zinatosha? Hazitoshi kumlipa mtu wa kumuuguza. Zinatosha kununua dawa ya presha, sukari na mchele, na kumpa mjukuu nauli ya shule. Na bibi mwenye chochote mkononi husikilizwa tofauti ndani ya nyumba.

Kenya nao walifungua mpango wa fedha wa Inua Jamii kwa wote wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2018, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kilio cha wazee huko kimekuwa ucheleweshaji. Pensheni inayokuja miezi mitatu kwa mpigo inamkuta mzee ameshakopa dukani, naye hulipa deni badala ya kununua chakula.

Huku Bara mzee anapata nini?

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliweka msingi: mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Ila dirisha halisaidii kama ndani ya duka la dawa hakuna dawa, na familia inaelekezwa kwenda kununua nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023 inatoa nafasi ya kulirekebisha hili, mradi wasio na uwezo walipiwe kwa uhakika.

Kwa upande wa fedha taslimu kuna TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza 2012. Umesaidia kaya nyingi kupeleka watoto kliniki na shule. Lakini ni mpango wa kaya maskini zilizochaguliwa. Mzee hana haki yake mwenyewe humo. Msimamo wetu ni kwamba Bara ifuate njia ya Zanzibar, hata kama itaanza na umri wa miaka 75 na kushuka kidogo kidogo.

Watu wenye ulemavu wanasema hawataki "kutunzwa". Wana maana gani?

Wana maana ya wazi kabisa, na tuwasikilize. Mtu mzima asiyeona, anayetumia kitimwendo au kiziwi hahitaji mlezi wa kumwamulia ale nini na aolewe na nani. Anahitaji msaada ili aendeshe maisha yake mwenyewe: mkalimani wa lugha ya alama anapokwenda polisi au kliniki ya wajawazito, njia ya mteremko badala ya ngazi, msaidizi wa kumvalisha saa anayotaka yeye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki zao, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unasema hivyo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipo pia.

Wakati mwingine msaada ni kitu kidogo sana. Mtu mwenye ualbino anahitaji mafuta ya kukinga jua kama anavyohitaji maji. Pale hospitali ya KCMC Moshi yanatengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao. Chupa hiyo ikimfikia mtoto kila mara bila kukatika, inamwepusha na saratani ya ngozi ukubwani. Ikikatika, hakuna wodi itakayorudisha miaka hiyo.

Kwa hiyo kila kamati inayopanga huduma hizi iwe na watu wenye ulemavu wenyewe ndani yake, kwa kura na si kwa kualikwa kutoa salamu.

Mama yetu amekuwa msahaulifu, anatoka usiku, anatutukana. Majirani wananong'ona uchawi.

Mpelekeni hospitali kwanza. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni ni ugonjwa wa ubongo. Humbadilisha mtu tabia, humpoteza njia, humfanya amwone mwanawe kama mgeni. Wakati mwingine chanzo ni maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa damu au dawa anazotumia, na hivyo hutibika.

Kuhusu minong'ono, msikae kimya. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalitokana na miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni kwenye jiko la moshi. Tafadhali mwambieni mwenyekiti wa mtaa au kijiji mapema, mbele ya mashahidi, kwamba mama ni mgonjwa na anatibiwa. Mpeni alale chumba kimoja na mtu, wekeni komeo la juu mlangoni, mshonee kitambaa chenye namba ya simu ndani ya nguo. Msibishane naye kuhusu asichokikumbuka. Akisema anamsubiri marehemu mumewe, mwulizeni habari za mumewe, atatulia.

Ni aibu kumpeleka mzee kwenye makazi ya wazee?

Makazi ya serikali kama Nunge Kigamboni, Fungafunga Morogoro na Kolandoto Shinyanga yapo kwa ajili ya wazee wasio na ndugu wala uwezo. Si mahali pa kumtupa baba mwenye watoto sita. Kati ya nyumbani na makazi, tunachokosa zaidi ni huduma ya kati: kituo cha mchana ambapo mzee anakaa na wenzake, anapimwa presha, anacheza bao, na jioni anarudi kwa wajukuu.

Wanaume wafanye nini?

Kazi yenyewe. Kumsindikiza mtoto kliniki, kumwogesha baba mzazi, kuosha nepi. Na sheria imsaidie baba: siku 3 hazitoshi hata kumzoea mtoto.

Binti zetu wanaokwenda Oman na Saudi Arabia wanaingiaje hapa?

Wanaingia moja kwa moja. Mama wa Tanga, Mombasa au Kampala anakwenda Muscat au Riyadh kulea watoto wa mwingine, na watoto wake mwenyewe wanabaki kwa bibi. Fedha anazotuma zinajenga nyumba na kulipa ada. Lakini bibi wa miaka 68 anaanza upya kulea watoto watatu, na hakuna anayemhesabu kama mlezi. Huko aliko, utaratibu wa kafala kwa miaka mingi umemfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na akinyang'anywa pasipoti hana pa kukimbilia zaidi ya ubalozi. Binti anayetaka kwenda apite kwa wakala aliyesajiliwa, asome mkataba kwa lugha anayoielewa, aache nakala ya pasipoti na mkataba kwa ndugu, na namba ya ubalozi aikariri kichwani. Na kabla ya kuondoka, familia ikae iandike nani anabaki na watoto, kwa kiasi gani cha kila mwezi.

Fedha zitatoka wapi?

Kodi, michango ya hifadhi ya jamii, na mapato ya halmashauri. Uruguay, nchi ndogo, ilitunga mwaka 2015 sheria ya mfumo wa taifa wa matunzo unaoshughulikia watoto wadogo, wazee na watu wenye ulemavu kwa pamoja. Jiji la Bogotá, Colombia, lilianza 2020 kupanga huduma kwa mitaa: mahali pamoja mama anamwacha mtoto au mzee kwa wahudumu, anapeleka nguo zifuliwe kwa mashine, naye anaingia darasa la jirani kumalizia masomo. Halmashauri zetu tayari hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanamke aliyepewa mkopo huku hana wa kumwachia mtoto atafanya biashara nusu siku, na marejesho yatasuasua. Kituo cha malezi kando ya soko kinalinda mkopo huo.

Ninauguza mtu nyumbani sasa hivi na nimechoka. Nianzie wapi?

Nenda ofisi ya mtaa, shehia au kijiji, uliza afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya yako. Mweleze hali ya nyumba nzima, usitaje mgonjwa peke yake: wangapi wanahitaji kuhudumiwa, nani anawahudumia, nani anakosa shule. Omba jina lako liandikwe na uchukue namba yake ya simu. Muulize kuhusu msamaha wa matibabu, kitimwendo, na kama kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeweza kupita nyumbani. Zahanati ikusaidie kujifunza kumgeuza na kumlisha mgonjwa kwa usalama. Muuguzi mwema atakuonyesha kwa dakika kumi.

Kama kuna mtoto anayenyanyaswa au kutelekezwa, piga 116 bure, Tanzania na Kenya. Mtoto asiye na mahali salama hupelekwa kwanza kwa ndugu au kwa familia ya kuaminika, siyo lazima kituoni.

Kisha itishe ndugu. Leta daftari yenye siku saba za wiki na saa za kila kazi, mpitishe kila mmoja aandike jina lake, pamoja na walio mbali ambao watalipia siku zao kwa M-Pesa. Jumapili mchana iache wazi mbele ya jina lako, na siku hiyo toka nyumbani.